Kiputo Chenye Nidhamu

Mama mkwe wa Dokta Tone alikuwa na printa tatu, zote mbovu, na zote zilikuwa zikimsubiri mkwe huyo. Mama huyo alikuwa katibu wa vikundi vitatu vya akina mama, na kila kikundi kilikuwa na printa yake, maana akina mama wale waliaminiana katika kila jambo isipokuwa wino. Kila Jumapili binti yake alipokuja na mumewe kumsalimia, printa moja ilikuwa tayari imekaa mezani, imefunuliwa mdomo kama mgonjwa wa meno.

"Shikamoo, mama," mkwe alisema, akivua viatu mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Hii inatema karatasi nyeupe tupu. Hebu iangalie wakati chai inachemka."

Naye aliiangalia. Hakuwa na uwezo wa zaidi ya kuiangalia. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwenye shahada tatu, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kazini walimwita Dokta Tone, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili hakuwa na kazi nyingine ila kukokotoa kwenye kompyuta jinsi tone moja la wino linavyochomoka kwenye tundu moja. Angeweza kukuambia tone hilo linaanza vipi kuvimba, linavuta mkia wa urefu gani, na mkia unakatika wapi. Ila printa yenyewe, ile ya plastiki yenye vitufe, hakujua hata inafunguliwa upande gani.

Aliwahi kulieleza jambo hilo mara moja tu. "Mama, mimi sitengenezi printa. Mimi natengeneza modeli. Yaani kompyuta inaiga kinachotokea ndani."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kisha akamgeukia binti yake. "Wewe si uliniambia ana kazi?"

Hakuwa ameyaomba matone. Ujanani alisomea maji akiwa na nia ya kujenga mabwawa. Baba yake alikuwa dereva wa katapila, mtu aliyehamisha vilima vizima kutoka kushoto kwenda kulia, na mwana alikua akiamini kwamba heshima ya mwanamume iko kwenye ukubwa wa kitu anachokisukuma. Lakini mwaka aliomaliza chuo hapakuwa na bwawa lililokuwa likijengwa popote, na nafasi ya masomo ya juu iliyobaki ilikuwa moja tu, ya kuchunguza matone. "Maji ni maji," mwalimu wake alimwambia, naye akasaini. Matone yenyewe yalikuwa madogo kiasi kwamba ungehitaji milioni mia moja kujaza kijiko kimoja cha chai.

Baba yake alipoelezwa aliuliza, "Na hilo tone, likishatoka, linakwenda wapi?"

"Kwenye karatasi, baba."

"Na wewe umelisomea miaka minane."

"Ndiyo, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa jirani, na hakuuliza tena.

Kiwanda alichoajiriwa kilitengeneza vichwa vya printa za viwandani, zile zinazopiga tarehe kwenye chupa na pakiti zikiwa zinapita mbio kwenye mkanda. Ndani ya kichwa kimoja mlikuwa na vyumba mia moja ishirini na nane vilivyopangwa safu, kila kimoja chembamba kama unywele. Dari ya kila chumba ilikuwa kiwambo cha chuma kilichobandikwa kipande cha kauri. Ukikipa kipande hicho umeme kinajikunja, kiwambo kinabonyea, chumba kinabanwa, na tone linaruka nje kupitia tundu. Hayo yote mara elfu ishirini kwa sekunde moja. Kazi ya Dokta Tone ilikuwa kukaa ghorofa ya tatu, katika chumba kisicho na dirisha lakini chenye feni nne, na kuifanya kompyuta itabiri tone litatokaje kabla watu hawajapoteza chuma kulitengeneza.

Ghorofa ya chini, nyuma ya pazia jeusi, alikaa mama mmoja wa miaka hamsini na sita ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Darubini. Huyo alikuwa fundi saa kabla simu hazijaua biashara ya saa. Hakuwa na shahada hata moja, ila alikuwa na mikono isiyotetemeka. Alikuwa na darubini, kamera, na taa inayowaka na kuzima kwa kasi mpaka tone linaonekana limesimama hewani kama shanga. Yeye alipima tone lenyewe lilifanya nini. Dokta Tone alisema lingefanya nini. Walikuwa wakikutana kwenye foleni ya chai na kusalimiana vizuri tu.

Mambo yaliharibika walipobadilisha wino. Wateja walitaka wino unaokauka haraka, wakapewa. Vichwa vilitoka kiwandani vikiwa vizima kabisa, tone likiruka mita saba kwa sekunde, kama kompyuta ilivyosema. Baada ya wiki tatu za kazi vikaanza kulegea, vikashuka mpaka mita tano, vikabaki hapo hapo. Mita mbili si kitu kwa mtu anayetembea, lakini chupa haisubiri. Tone lilifika likiwa limechelewa, nane ikafanana na tatu, na kiwanda kimoja cha maziwa kikapeleka dukani maziwa ambayo, kwa mujibu wa pakiti, yalikuwa yameharibika miezi mitano kabla ng'ombe hajakamuliwa.

Meneja alimwita Dokta Tone. Meneja huyu alikuwa mtu mchangamfu aliyeamini kwamba tatizo lolote likiitwa "changamoto" limekwisha nusu.

"Kompyuta inasema saba, tone linasema tano. Nani mkweli?"

"Tone, bosi."

"Basi irekebishe kompyuta."

Alijaribu miezi saba. Alibadilisha kila kitu kinachobadilika: uzito wa wino, nguvu ya umeme, upana wa tundu, joto la chumba. Kompyuta iliendelea kusema saba, kwa ukaidi wa punda aliyesimama katikati ya barabara. Akaanza kukonda. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alizoea kuwasoma watu bila kuwauliza, aliacha kumwuliza kazi inaendaje, akawa anamwuliza tu kama amekula.

Jumapili moja printa iliyokuwa mezani ilikuwa ile ya kikundi cha pili. Dokta Tone aliiangalia mpaka chai ikachemka, ikanywewa, ikapoa. Mama mkwe uvumilivu ukamwishia. Akainuka, akaufungua ubavu wa printa kwa ukucha, akachomoa kile kijisanduku cha wino, akaleta sirinji isiyo na sindano, akaipachika chini na kuvuta. Kijisanduku kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefyonza meno.

"Ina hewa hii," alisema.

"Hewa?"

"Wewe si ndiye msomi? Printa inausukuma wino, lakini katikati kuna hewa. Hewa inajikunyata, wino unabaki palepale. Ni sawa na kumsukuma mtu huku mmewekeana godoro katikati."

Dokta Tone aliinuka na kikombe chake mkononi. Mkewe alimtazama mara moja tu akajua kwamba mume hayuko tena sebuleni pale. Miguu ilikuwa kwa mama mkwe, macho yalishafika ghorofa ya tatu.

Jumatatu asubuhi aliweka kiputo cha hewa ndani ya kila chumba cha modeli yake. Kidogo mno, hakuna kilichobadilika. Kikubwa mno, tone likakataa kutoka. Alikipunguza na kukiongeza siku nzima, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, na alasiri, kiputo kilipofika upana wa robo ya unywele, kompyuta ikaandika: mita tano na nukta sifuri mbili kwa sekunde. Alicheka peke yake mpaka feni zikasikika kama zinamcheka yeye.

Kilichofuata kilikuwa neema tupu. Meneja alimshika mkono kwa mikono miwili. Gazeti dogo la kampuni likatoa picha yake ukurasa wa kwanza, miwani imenyooshwa, chini yake maneno "Kiputo Kilichojificha". Mama mkwe alilipata gazeti hilo kwa binti yake, akaikata picha, akaitia fremu na kuitundika sebuleni, pembeni ya picha yake ya harusi. Vikundi vyote vitatu viliarifiwa. "Kiputo ni changu," aliwaambia akina mama, "ila yeye ndiye aliyekiandika." Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile ya miaka kumi na mitano, mkwe alikaribishwa kiti chenye mto.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Bi Darubini alimsubiri kwenye foleni ya chai, kikombe chake cha bati mkononi.

"Dokta, nina kiswali. Hivyo viputo viko vingapi?"

"Kimoja kila chumba."

"Mia moja ishirini na nane."

"Ndiyo."

"Vyote saizi moja."

"Kwa wastani, ndiyo."

"Na asubuhi mpaka jioni havikui, havisinyai, havitoki. Maana mimi napima kila tundu, na kila tundu linanipa tano. Si nne, si sita."

"Hesabu ndiyo inavyosema, mama."

Bi Darubini alikoroga chai yake. "Mimi nimelea watoto wanne, Dokta, na sijawahi kuwapata wote wanne wametulia kwa wakati mmoja. Wewe una viputo mia na ishirini na kitu vinavyokaa kama askari. Vina nidhamu hivyo viputo."

Alicheka naye. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba angekuja ghorofani angemwonyesha milinganyo, na labda hapo angeelewa. Mama yule alijibu "Sawa, Dokta," akaondoka na chai yake. Ule upole ndio uliokuja kumchoma baadaye. Angemfokea, angalau angekuwa na kitu cha kuombea radhi.

Kampuni ilinunua mashine ya kunyonya hewa kwenye wino, kubwa kama jokofu, ikafungwa katika kile kiwanda cha maziwa. Kuifunga kulichukua siku nne, na kwa siku zote nne vichwa vilikaa vimemwagwa wino, vikavu. Mashine ilipowashwa, tone likaruka mita saba. Meneja alimpigia Dokta Tone simu akiwa hukohuko, na nyuma ya sauti yake zilisikika chupa zikigongana na watu wakipiga makofi.

Wiki tatu baadaye tone likarudi mita tano.

"Viputo vimerudi," meneja alisema, bila wasiwasi wowote. "Mashine moja imezidiwa. Tuongeze ya pili."

Ikaongezwa ya pili. Vichwa vikamwagwa wino tena, vikakaa siku nne, vikawashwa, mita saba, makofi. Baada ya wiki tatu, mita tano. Meneja akaanza kuulizia nafasi ya kuweka ya tatu.

Hapo ndipo Bi Darubini alipompigia simu ya ndani. "Dokta, una dakika kumi? Shuka huku kwangu. Milinganyo iache huko huko."

Nyuma ya pazia jeusi, chini ya darubini, palikuwa na kichwa kimoja kilichokatwa katikati na kusuguliwa mpaka kikang'aa. Vyumba vilionekana safu, kama seli za nyuki. Mama huyo alishika sindano nyembamba ya kazi yake ya zamani ya saa.

"Hiki ni kipya. Tazama chini ya ukuta, pale penye ule mstari mweusi. Ni gundi, ndiyo imeshikilia kuta zote." Akaichoma kwa sindano. Sindano iliteleza juu yake kama juu ya ukucha. "Sasa hiki hapa kimekaa kwenye wino mpya wiki tatu."

Akasogeza kingine. Sindano iligusa gundi ikazama. Ukuta mzima ukainama. Alipoitoa, ukuta ukarudi mahali pake taratibu, kama mtu aliyeguswa usingizini akageukia upande wa pili.

"Laini kama kifutio," alisema Bi Darubini. "Ukiikausha siku nne inakuwa ngumu tena. Nimeijaribu mara sita. Kiwambo kinaubana wino, wino unausukuma ukuta, ukuta nao unakubali kurudi nyuma. Ile nguvu ya kurusha tone inapotelea ukutani. Ukuta wenyewe ndio godoro, Dokta."

Hakuwa amewahi kumsimulia mama huyu habari za godoro. Akabaki ameinamia darubini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipanda ngazi ghorofa zote tatu bila kutumia lifti. Akafungua faili la modeli, lile la mwanzo kabisa ambalo mengine yote yalizaliwa humo, akashuka mstari kwa mstari mpaka akakuta maelezo haya: "Kuta ni ngumu, hazisogei. (Kwa sasa.)" Mwisho wa mstari palikuwa na herufi za kwanza za jina lake na tarehe ya mwezi wake wa kwanza kazini. Hiyo "kwa sasa" ilikuwa imetimiza miaka kumi na miwili. Miezi saba alikuwa amegeuza kila kitu duniani isipokuwa sentensi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Na kiputo, maskini, hakikuwa na kosa: kilikuwa na ulaini uleule wa gundi iliyolowa, basi kikakaa pahali pake, kikatoa jibu lilelile, kama shahidi wa uongo aliyekaririshwa vizuri.

Jumamosi mchana alimweleza mkewe, wakikunja nguo zilizotoka kuanuliwa.

"Alhamisi wakurugenzi wanakuja. Nimepangiwa nisimame niwaonyeshe kiputo."

"Na kiputo hakipo."

"Hakipo."

Mkewe alikunja shuka akamwachia upande mmoja ashike. "Utasema?"

"Nikisema, watanifukuza."

"Hawatakufukuza," alisema mkewe, baada ya kufikiri vizuri. "Ninayemwogopa mimi ni mama."

Alhamisi alikwenda na barua ya kuacha kazi ndani ya mfuko wa koti, imekunjwa mara tatu. Chumba cha mikutano kilijaa. Meneja alimtambulisha kwa maneno yaliyomfanya atazame sakafu. Ukutani palikuwa tayari pameangazwa picha ya kiputo, cha duara, cha buluu, kizuri kuliko kiputo chochote cha kweli.

"Nimekuja kuwaambia kwamba hiki kitu hakipo," alisema Dokta Tone.

Mtu mmoja aliweka chini biskuti yake. Akaendelea: wino, gundi, ukuta unaoinama, siku nne za kukauka, sentensi ya miaka kumi na miwili. Akasema aliyeuona ukweli huo ni Bi Darubini wa ghorofa ya chini, na kwamba mama huyo alimwonya mapema, naye hakusikia.

Mkurugenzi mmoja, mzee mwenye kalamu mbili mfukoni, aliinua kidole. "Zile mashine mbili zinafanya nini basi?"

"Zinatoa hewa, mheshimiwa."

"Hewa ambayo haipo."

"Ipo kidogo. Haina hatia."

Mkono wa Dokta Tone ulishaingia ndani ya koti, kwenye barua, wakati meneja aliposimama. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Waheshimiwa," alisema, "kampuni ngapi mnazijua zenye ujasiri wa kujikosoa mbele ya wakurugenzi wake? Wenzetu wamegundua sababu moja. Sisi tumeshagundua mbili!" Yule mzee wa kalamu mbili akaanza kupiga makofi, na wengine, kwa kuwa hawakutaka kuonekana hawakuelewa, wakamfuata. Dokta Tone aliutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Alikuwa amejiandaa kuumbuka. Kwa kupongezwa hakuwa amejiandaa kabisa.

Gundi ilibadilishwa mwezi huohuo, na tone halikushuka tena. Zile mashine mbili hazikuondolewa, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimesainiwa na watu ambao hawakupenda kusaini za kuondoa. Zinanguruma mpaka leo katika kiwanda kile cha maziwa. Wafanyakazi wanazipenda, maana juu yake pana joto zuri la kukaushia makoti siku za mvua.

Muhtasari wa mkutano ulipotoka, Dokta Tone aliusoma akiwa amesimama. Katibu wa mkutano, kijana wa makao makuu asiyemjua mtu pale, alikuwa ameandika: "Chanzo halisi cha tatizo kiligunduliwa kwa darubini." Alikimbia kwenda kulalamika. Akaambiwa muhtasari umeshathibitishwa, na kwamba sentensi haina kosa lolote la lugha.

Basi akaandika ripoti yake mwenyewe, akashuka nayo ghorofa ya chini.

"Nataka jina lako litangulie," alisema. "Nitajie vizuri, majina yote matatu."

Bi Darubini aliyataja, akamtajia na herufi moja ambayo watu hukosea. Dokta Tone aliandika. Walikuwa wamesalimiana kwenye foleni ya chai kwa miaka kumi na miwili, na ndiyo kwanza siku hiyo alisikia mama yule anaitwa nani.

Kwa mama mkwe hakukuwa na makofi. Dokta Tone alimweleza Jumapili iliyofuata, amekaa kwenye kiti chenye mto, pembeni tu ya kiti, tayari kuhamishwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatana mapajani.

"Kwa hiyo umesimama mbele ya watu wazima ukasema nimekosea."

"Hapana, mama. Nimesema nimekosea mimi."

"Kiputo kilikuwa cha nani?"

"Cha... chako, mama."

"Ehe."

Mkewe alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Mama mkwe alimtazama mkwe wake muda mrefu, kama anavyotazama hesabu za kikundi zisizokubali kulingana.

"Nijibu jambo moja. Printa yangu siku ile, ilikuwa na hewa au haikuwa nayo?"

"Ilikuwa nayo, mama. Kabisa."

"Na nilipoivuta hewa, ilichapa au haikuchapa?"

"Ilichapa."

"Basi mimi nilisema ya printa yangu. Ya kwenu huko ulisema wewe." Akainuka kwenda jikoni, akageuka mlangoni. "Mnasomeshwa miaka yote hiyo, mtu akikwambia mtoto wake ana homa, unakwenda kumnywesha dawa mtoto wako."

Dokta Tone alitazama ile picha ya fremu ukutani, akauliza kama ingekuwa vyema aishushe. "Iache," sauti ilitoka jikoni. "Umependeza." Chai ililetwa, ila kikombe chake kilijazwa nusu, na ilichukua miezi miwili kikombe hicho kujaa tena.

Sasa ikabaki kazi yenyewe. Hakuna aliyemwagiza, kwa sababu tatizo lilikuwa limekwisha, na hakuna mtu anayeagiza jibu la tatizo lililokwisha. Lakini Dokta Tone alifuta ule mstari wa kuta ngumu, na mahali pake akajenga kuta zinazojua kuinama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyowahi kumweleza mtu: wino unausukuma ukuta, ukuta ukisogea wino nao unabadili mwendo, mwendo ukibadilika ukuta unasukumwa vingine, na wote wawili inabidi wakubaliane kwa kila sehemu ndogo ya kila sekunde, kama mume na mke wanaobeba kabati kwenye ngazi. Mara ishirini modeli ililipuka, ukuta ukaruka mpaka nje ya kioo cha kompyuta. Mara ya ishirini na moja walikubaliana. Tone likatoka kwa mita tano kwenye gundi iliyolowa na mita saba kwenye gundi kavu, na yeye hakuwa ameigusa namba hata moja ili kuibembeleza.

Alitangaza kikao: Jumanne, saa tisa alasiri, chumba cha mikutano. Aliwaalika watu ishirini na sita. Meneja alijibu kwamba ana safari, lakini anaunga mkono. Wengine hawakujibu.

Saa tisa na robo alikuwa bado peke yake, biskuti kwenye sahani, picha ukutani. Saa tisa na dakika ishirini mlango ulifunguka, akaingia Bi Darubini na kikombe chake cha bati. Akakaa kiti cha mbele kabisa, akavaa miwani.

"Wengine?"

"Wana kazi."

"Haya, anza, Dokta."

Akaanza. Aliuendesha mwendo wote polepole, sekunde moja imenyooshwa kama mpira. Kiwambo kikabonyea. Wino ukabadilika rangi, kutoka buluu kwenda nyekundu. Kuta zikajaa na kunywea, kimya kimya, pande zote mbili. Tone likavimba kwenye tundu, likanyoosha shingo, likaondoka. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa hajawahi kuliona likitoka kwenye chumba kinachopumua.

Bi Darubini alikula biskuti moja. "Zuri," alisema. "Rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha.

"Simamisha hapo. Ile kona ya nyuma ya ukuta, chini. Kwako inainuka kwanza, halafu ndiyo katikati." Aliinama mbele, akaonyesha kwa kidole chenye chembe za biskuti. "Kwangu katikati ndiyo inayoanza. Nina picha zake."

Dokta Tone alitazama kona, akamtazama mama yule, akatazama tena kona.

"Una uhakika?"

"Nimezipiga mara sita."

Alizima picha ya ukutani, akachukua sahani ya biskuti, akamshikia mlango. Wakashuka ghorofa ya chini kuzitazama zile za mama yule.